Mgeni na Mwenyeji: Hali ya Dini za Wachache katika Unguja ya Masultani

Muumini anayesali kwa Kiswahili katika kanisa lolote la Kamina, liwe la Kimetodisti au la Kikatoliki, hutamka maneno kama sala, dhambi (ambalo ulimi wa Katanga hulitamka zambi), malaika, nabii, injili, na hata neno kanisa lenyewe, bila ya kujiuliza yalikotoka. Yote hayo yana asili ya Kiarabu, na yalifika bara baada ya kupita katika vinywa vya Waislamu wa pwani. Walioyateua yawe maneno ya Biblia walikuwa Wakristo wachache, walioishi kwa idhini ya mtawala Mwislamu katika miji ambamo karibu kila mwenyeji alikuwa Mwislamu. Hali ya wachache hao, pamoja na wachache wengine waliokuwa nao, yafaa kuchunguzwa na wasomaji wa Haut-Lomami, ambako hesabu imegeuka: hapa Wakristo ndio wengi na Waislamu ndio wachache.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Unguja mwezi Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Krapf akahamia Mombasa mwaka huo huo. Mwezi Juni alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili hutajwa mara chache mno katika historia za Kiswahili sanifu, ingawa lina uzito wake. Kadhi, ambaye kazi yake ni kuilinda sheria ya Kiislamu, aliketi na mmisionari akamtafutia maneno. Ni kweli kwamba visa vya Adamu, Nuhu, Ibrahimu na Yusufu havikuwa vigeni kwake. Hata hivyo, asingeweza kufanya hivyo pasipo kujua kwamba mtawala hatachukizwa.

Kwa nini mtawala hakuchukizwa? Jibu la kawaida ni kwamba Sayyid Said alikuwa mtu mpole na mpenda biashara. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Lazima ikumbukwe kwamba yeye mwenyewe, katika dini, alikuwa wa kundi dogo. Watawala wa Oman walikuwa Maibadhi, hali wenyeji wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa walikuwa Masuni wa madhehebu ya Shafii. Idadi ya Maibadhi ilikuwa ndogo sana kuliko ya raia wao. Kutaka kuwalazimisha wengi hao kufuata madhehebu ya kasri kungekuwa kutafuta vita visivyo na faida. Ndipo ukawekwa utaratibu wa kuwa na makadhi wa aina mbili, wa Kiibadhi na wa Kisuni, kila mmoja akihukumu kwa vitabu vyake. Utaratibu huo ulidumu hata baada ya Waingereza kuifanya nchi kuwa himaya yao mwaka 1890. Uvumilivu wa Unguja, kwa hiyo, ulianza kama haja ya utawala ndani ya Uislamu wenyewe, kabla haujawafikia wasio Waislamu.

Wahindu, ambao pwani iliwaita Mabanyani, ndio mfano ulio wazi zaidi. Vitabu vya fikihi ya Kishafii haviwapi waabudu sanamu hadhi ya dhimma, ambayo hupewa Mayahudi, Wakristo na Wamajusi. Kwa kufuata vitabu, Mbanyani hakuwa na mahali Unguja. Kwa kufuata mambo yalivyokuwa, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kutch, ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha wa dola nzima. Sultani alikopa kwa mtu ambaye kadhi wake angemhesabu mshirikina. Mahekalu yakajengwa mjini. Zaidi ya hayo ilikuwapo mikataba: ule wa Marekani wa 1833, na ule wa Uingereza wa 1839 ambao ulikuja kuwapa raia wa Kiingereza kinga ya balozi wao. Kadiri karne ilivyosonga mbele, Wahindi wengi walihesabiwa kuwa chini ya ulinzi huo. Kiswahili kimehifadhi hisia za wenyeji katika methali moja: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Mwenye kuisema hakumpenda Mbanyani wala hakumfukuza, alimhitaji.

Kwa Wakristo mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mapadre Wafaransa walifika kutoka Réunion mwishoni mwa 1860, wakati wa Sayyid Majid, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bagamoyo. Waanglikana wa Universities' Mission walifika Unguja mwaka 1864, Askofu Tozer akifuatana na Edward Steere. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokombolewa kutoka katika jahazi la watumwa, ambao Sayyid Majid mwenyewe alimkabidhi Askofu. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Naye Sayyid Barghash alipotia sahihi, Juni 1873, mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, kiwanja cha soko la Mkunazini kilinunuliwa na misheni. Sehemu nyingine ya ardhi ilitolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Kanisa, basi, lilijengwa kwa ruhusa ya Sultani Muibadhi, juu ya ardhi ambayo sehemu yake ni zawadi ya Mhindu, katikati ya mji wa Masuni. Inasimuliwa pia kwamba saa ya mnara wake ilikuwa tunu ya Barghash.

Masimulizi mengi huishia hapo, kwa sifa. Lakini yapasa kuuliza ni nani aliyeingia katika kanisa hilo. Walioingia walikuwa karibu wote watumwa waliokombolewa, Wayao, Wanyasa na wengineo, ambao misheni iliwalea na baadaye kuwapa makao katika shamba la Mbweni. Hao hawakuwa Waislamu kwa kuzaliwa, wala hawakuwa na ukoo mjini wa kuwadai. Kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni hiyo, Cecil Majaliwa, aliyepewa daraja mwaka 1890, alitoka miongoni mwao. Mwungwana wa mjini, mwenye baba na babu msikitini, hakutazamiwa kupita mlango ule. Ruhusa ilimhusu mgeni kuabudu alivyozoea. Haikumhusu mwenyeji kubadili.

Mpaka huo ulionekana katika nyumba ya kifalme yenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866 akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1867 alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo na fedha haba. Aliporudi mwaka 1885, wakati manowari za Ujerumani zilipokuwa bandarini, Barghash, ndugu yake wa baba mmoja, hakukubali kumpokea, wala urithi aliodai hakuupata kama alivyotaka. Bila shaka siasa ilichangia. Binti huyo alikuwa amegeuzwa karata mikononi mwa Bismarck. Pia aliwahi kumsaidia Barghash katika uasi wa 1859 dhidi ya Majid, na jambo hilo halikusahauliwa na yeyote. Hata hivyo, Sultani yule yule aliyewavumilia maaskofu katikati ya mji wake hakumvumilia dada yake. Wajerumani waliokuja naye walikuwa Wakristo tangu kuzaliwa. Yeye alikuwa ameacha dini ya nyumba yao.

Mfano wa pili hauna Ulaya ndani yake, na pengine ndio wenye mafunzo zaidi kwa mtafiti. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa alitoka katika ukoo uliokuwa wa Kiibadhi, akawa mwanachuoni wa Kishafii na mhubiri hodari dhidi ya mafundisho ya Kiibadhi. Barghash, ambaye alianzisha kiwanda cha chapa na kutoa humo vitabu vya madhehebu yake, alimtia gerezani. Sheikh aliachiliwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888, Sayyid Khalifa alipokalia kiti. Mwanawe, Sheikh Al-Amin, ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah. Kosa la Sheikh Ali halikuwa Usuni, kwa maana raia walio wengi walikuwa Masuni na makadhi wao walilipwa na dola. Kosa lake lilikuwa kutoka ndani na kuwavuta wengine watoke. Mbanyani hakumtishia Sultani kwa hekalu lake, kwani hapakuwa na Muibadhi ambaye angeingia humo.

Kuna hoja kwamba uvumilivu huu ulikuwa tunda la mizinga ya Waingereza tu. Hoja hiyo inapingwa na tarehe: barua ya Krapf na makadhi wa aina mbili vilitangulia himaya kwa miaka mingi. Lakini ni kweli kwamba ulinzi wa wachache uliegemea mtu, mkopo na balozi, wala haukuegemea haki aliyokuwa nayo kila raia mbele ya sheria. Nguzo hizo zilipoondoka, wachache walibaki wazi. Mapinduzi ya Januari 1964 hayakuwa ya kidini, na waliopindua na waliopinduliwa walikuwa Waislamu kwa wingi wao. Hata hivyo Maibadhi, kwa kuwa walikuwa Waarabu, waliuawa au walikimbilia Oman na kwingineko, na madhehebu iliyokuwa ya kasri ikawa ya watu wachache wasio na ulinzi. Wahindu, Maismailia na Waparsi wengi walihama. Mwaka 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi, wa jamii ya Kishia, walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao wa kiume waliopinga walikamatwa. Serikali ya Karume ililieleza jambo hilo kuwa ni kuvunja ubaguzi wa rangi. Safari hii hapakuwa na balozi aliyeweza kuwatoa wasichana wale katika nyumba walimopelekwa.