Christiaan Barnard: Daktari aliyefungua njia ya kupandikiza moyo

DKT Christiaan Barnard ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani kumpandikizia mgonjwa moyo wa binadamu mwenzake. Upasuaji huo ulifanyika Desemba 3, 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Afrika Kusini, ilhali wengi walidhani ufanisi huo ungetokea kwanza Marekani.

Barnard alizaliwa Novemba 8, 1922, katika mji mdogo wa Beaufort West. Babake alikuwa mhubiri aliyehudumia waumini machotara, na ndugu yake mmoja, Abraham, alifariki utotoni kwa kasoro ya moyo. Baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Cape Town, alielekea Minnesota, Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Huko alijifunza kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati mgonjwa anapopasuliwa. Aliporejea nyumbani mwaka wa 1958, alianzisha upasuaji wa aina hiyo Groote Schuur.

Njia aliyopitia ilikuwa imefyekwa na wengine. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, madaktari Norman Shumway na Richard Lower walikuwa wamebuni namna ya kuushona moyo mpya, wakiwafanyia majaribio mbwa. Mwaka wa 1964, Dkt James Hardy wa Mississippi alimpandikizia mgonjwa moyo wa sokwe, lakini mgonjwa huyo hakuishi hata siku moja.

Idhini ya mzazi

Mgonjwa wa Barnard aliitwa Louis Washkansky, mfanyabiashara wa duka la vyakula ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Desemba 2, Denise Darvall, msichana wa miaka 25, aligongwa na gari pamoja na mamake. Mama alifariki papo hapo, na ubongo wa binti ukaharibika kiasi cha kutotibika. Babake, Edward Darvall, aliombwa moyo wa mwanawe siku iyo hiyo aliyofiwa na mkewe. Alitafakari kwa dakika chache, akakubali.

Figo moja ya Denise alipewa mvulana chotara wa miaka 10, jambo lililozua mabishano katika nchi iliyotawaliwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Januari 2, 1968, Barnard alimpandikizia Philip Blaiberg, Mzungu, moyo wa Clive Haupt, kijana chotara. Sheria zilizowazuia watu hao wawili kuishi mtaa mmoja hazikuuzuia moyo wa mmoja kupiga kifuani mwa mwenzake.

Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Blaiberg aliishi zaidi ya miezi 19.

Jina jingine linalotajwa katika historia hii ni Hamilton Naki, Mwafrika aliyeajiriwa chuoni kama mtunza bustani, akaishia kuwa fundi hodari wa kupasua wanyama wa maabara na kuwafunza madaktari. Habari zilizoenea kwamba alishiriki upasuaji wa 1967 hazikuwa za kweli, na magazeti yaliyozichapisha yalizisahihisha. Hata hivyo, mchango wake maabarani ulitambuliwa kwa nishani ya taifa mwaka wa 2002.

Mwili unapokataa mgeni

Mwaka wa 1968 pekee, zaidi ya mioyo 100 ilipandikizwa katika nchi mbalimbali. Wengi wa wagonjwa hao walikufa baada ya muda mfupi. Kinga ya mwili huuona moyo mpya kuwa adui na kuushambulia. Dawa za kuituliza kinga hiyo nazo zilimwacha mgonjwa wazi kwa maradhi, kama yaliyomuua Washkansky. Hospitali nyingi zilikata tamaa.

Mambo yalibadilika ilipopatikana dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu kutoka udongo wa Norway na kuanza kutumika kwa wingi miaka ya 1980. Wakati huo Dkt Magdi Yacoub, mzaliwa wa Misri, alianzisha upandikizaji katika Hospitali ya Harefield, Uingereza. Mgonjwa wake mmoja wa mwaka wa 1982 aliishi zaidi ya miaka 33.

Barnard alistaafu mwaka wa 1983 kwa sababu ya ugonjwa wa viungo uliodhoofisha mikono yake. Alifariki Septemba 2, 2001, nchini Cyprus.

Sheria, dini na saa nne

Suala gumu zaidi lilikuwa la kuamua mtu amekufa lini. Agosti 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza kifo kipimwe kwa kukoma kabisa kwa ubongo. Kwa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililikubali wazo hilo mjini Amman mwaka wa 1986, na mwaka wa 1988 mjini Jeddah likaruhusu kupandikiza viungo vya maiti kwa masharti, ikiwemo idhini ya marehemu au warithi wake.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake. Hata hivyo, upandikizaji uliozoeleka nchini ni wa figo, ambayo jamaa aliye hai anaweza kuitoa. Moyo hutoka kwa aliyekufa tu, na ukishatolewa hudumu takriban saa nne ukiwa kwenye baridi.

Kwa mkazi wa Mombasa bara, saa hizo si nyingi. Anayetoka Likoni huvuka kwa feri kufika hospitali kuu ya rufaa iliyoko kisiwani; wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa. Treni ya kwenda Nairobi huchukua takriban saa tano, hivyo ni ndege pekee ingewahi.

Kinga bado ndiyo nafuu iliyo karibu. Mioyo mingi ya vijana wa Afrika Mashariki huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kwa koo la mtoto kuuma. Penisilini ikitolewa mapema huizuia, na dawa hiyo haihitaji kuvuka feri.