Dakika za Nyongeza Zipimwe Mbele ya Macho

Jumapili ya Desemba 15, 2024, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Kibu Denis aliifungia Simba bao la ushindi la 2-1 dhidi ya CS Sfaxien ya Tunisia, dakika 90 zikiwa zimeshapita kitambo. Kilichofuata kinajulikana hadi kwenye vibanda umiza vya Ushirombo, wilayani Bukombe: vurugu, viti kung'olewa, na CAF kuiamuru Simba icheze na CS Constantine bila mashabiki. Bao la namna hiyo humwacha aliyefungwa na swali moja tu: dakika hizi zimetoka wapi? Sheria ya 7 ya soka inajibu nusu. Inasema dakika zinazooneshwa kwenye kibao ni za chini kabisa. Mwamuzi anaweza kuziongeza, ila hana ruhusa ya kuzipunguza. Nusu ya pili ya jibu, yaani hesabu iliyozaa dakika hizo, mashabiki hawaoneshwi. Wanapewa jumla, na jumla bila mchanganuo ni vigumu kuiamini.

Ukifuatilia historia, utaona hesabu hii imekuwa ikitolewa mafichoni kidogo kidogo, na mara nyingi baada ya mtu kudhulumiwa. Mwaka 1891 Stoke, ikiwa nyuma kwa bao 1-0, ilipata penalti dhidi ya Aston Villa mechi ikielekea ukingoni. Kipa wa Villa akaubutua mpira nje kabisa ya uwanja, na kabla haujapatikana muda ukaisha. Ndipo sheria ikaruhusu muda uongezwe ili penalti ipigwe. Mwaka 1978, kwenye Kombe la Dunia, Clive Thomas wa Wales alipuliza kipyenga cha mwisho wakati kona ya Brazil iko hewani. Zico akaupiga kichwa ukaingia wavuni, bao likakataliwa, Brazil na Sweden zikaachana 1-1. Huenda saa ya Thomas ilikuwa sahihi, ila uwanja mzima haukuwa na njia ya kujua. Kwenye Kombe la Dunia la 1998 mwamuzi wa akiba alinyanyua kibao cha dakika. Qatar mwaka 2022, waamuzi wakahimizwa kuhesabu kila kusimama kwa mpira, na kipindi cha kwanza cha England na Iran pekee kiliongezwa dakika 14.

Kuongeza dakika nyingi, hata hivyo, si sawa na kuzigawa kwa haki. Mwaka 2005 wachumi Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast walichapisha utafiti kuhusu ligi ya Hispania. Waligundua kwamba timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa bao moja, mwamuzi huongeza muda mrefu. Ikiwa mbele kwa bao moja, hufupisha. Hawakudai kuwa waamuzi walihongwa. Waliona kelele za jukwaani zinaisukuma saa. Mwamuzi anayechezesha Kambarage mjini Shinyanga au Nyankumbu mjini Geita ana masikio kama ya yule wa Hispania, na timu za huku zinajua thamani ya bao moja. Geita Gold ilimaliza ya 4 msimu wa 2021/22, George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17. Misimu miwili baadaye ikashuka daraja.

Watu wa ukanda huu wa dhahabu, Geita na Shinyanga, hawahitaji kufundishwa maana ya mizani. Soko la madini la Geita, la kwanza nchini, lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo alipata mahali ambapo dhahabu yake inapimwa hadharani. Si kwamba wanunuzi wote wa awali walikuwa wezi. Ilitosha kwamba muuzaji hakuwa na namna ya kuhakiki, kama shabiki asivyoweza kuhakiki dakika za nyongeza.

Wapo watakaosema mwamuzi aachiwe busara yake. Lakini Januari 12, 2022, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali kwenye AFCON dakika ya 85, akarudishwa, kisha akaimaliza tena sekunde chache kabla ya 90. Baadaye ilielezwa kuwa alizidiwa na joto. Busara ya mtu mmoja inaweza kuugua. Wengine, wakiwemo watetezi wa wachezaji, wanalalamika kuwa mechi ndefu zinachosha miili. Hoja hiyo ni nzito, na dawa yake ni kuzuia muda usipotee tangu mwanzo. Tangu 2025, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi huhesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole, mkono juu, kila mtu akiona. Hiyo ndiyo hesabu ya wazi ninayoitetea.

Linabaki pingamizi la gharama: ligi ya Wilaya ya Bukombe itatoa wapi vibao vya umeme? Havihitajiki. Kunatakiwa saa ya pili, daftari, na mtu wa kukaa katikati ya mabenchi mawili akiandika: dakika ya 52, mabadiliko, sekunde 30; dakika ya 63, kipa chini, dakika 1 na nusu; dakika ya 78, mzozo, dakika 2. Ikifika 90 ajumlishe, makocha wote wawili wasome ukurasa huo, kisha jumla itangazwe kwa sauti.