Bunduki za Kuwindia za Ulaya: Pori Kwanza, Mnyama Baadaye

Wapenzi wa bunduki za zamani za Ulaya hubishana sana kuhusu ipi inamfaa ndovu, ipi mbogo na ipi swala. Ubishi huo unaanzia pasipo mahali pake. Tangu baruti isiyo na moshi ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa Ujerumani, Austria na Uingereza walikuwa wakitengeneza bunduki kwa ajili ya pori la namna fulani na umbali fulani, na mnyama akaja nyuma ya hayo. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni bunduki ya Kijerumani iitwayo Drilling. Ina mitutu mitatu, kwa kawaida miwili ya marisau juu na mmoja wa risasi chini yake. Katika misitu ya Ujerumani mwindaji aliweza kutoka asubuhi bila kujua kama atakutana na sungura, ndege, paa au nguruwe mwitu, na huenda akakutana nao wote kabla ya jua kuzama. Bunduki kama hiyo huwezi kuitaja kwa jina la mnyama mmoja. Msitu wenyewe ndio ulioizaa.

Mannlicher-Schönauer ya mwaka 1903, iliyotoka Steyr nchini Austria, inaeleza jambo lilelile kwa njia nyingine. Jeshi la Ugiriki liliichukua kama silaha ya vita, lakini wawindaji waliipenda ilipofupishwa na kuwa nyepesi, mbao ya kitako ikienda hadi mdomoni mwa mtutu. Magazini yake huzunguka ndani ya bunduki, hivyo hakuna kinachotokeza chini, na kufuli lake huteleza bila kukwaruza. Anayepanda majabali ya Alpi akimnyatia mbuzi wa milimani anahitaji hasa vitu hivyo. Risasi yake ya milimita 6.5 ilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi, nyembamba lakini ndefu mno kwa upana wake, na urefu huo ndio uliokuja kuwashangaza watu walipoifikisha Afrika.

Waingereza walikuwa na tatizo jingine. Katika makoloni yao ya Afrika na India, mwindaji aliweza kujikuta kwenye kichaka ambamo mbogo au ndovu haonekani mpaka abakize hatua chache. Hapo awali watu walibeba mabunduki mazito ya baruti nyeusi yenye moshi mwingi, na moshi huo ulimficha mnyama wakati ule ule ambao mwindaji alihitaji kumwona. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 Nitro Express, yenye uzito wa gramu 31 na mwendo wa takriban mita 650 kwa sekunde, kwa bunduki za mitutu miwili. Kila mtutu ulikuwa na mtambo wake wa kufyatulia, kwa hiyo mmoja ukikwama wa pili bado upo, na risasi ya pili hutoka bila mkono kugusa kufuli. Bunduki ya namna hiyo huelemea mkono na bei yake ilikuwa ya matajiri, na shabaha yake hupungua haraka umbali unapoongezeka. Katika uwanda wa nyasi ni mzigo. Kichakani ni uhai wa mwindaji na wa mfuata nyayo anayetembea mbele yake, mtu ambaye vitabu vingi vya wawindaji wa Kizungu havikujishughulisha hata kumtaja jina.

Hapo ndipo anapoletwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, akaua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya Rigby ya milimita 7 iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser. Watu husema: kama risasi ya kuulia paa wa Scotland iliweza ndovu, mizinga ya London ilikuwa ya nini? Hesabu inajibu nusu ya swali hilo. Chukua uzito wa risasi uugawe kwa mraba wa kipenyo chake. Risasi ndefu ya Bell, ya gramu 11 hivi, inalingana na ile ya gramu 19 ya .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, na ile ya Mannlicher inazipita zote mbili. Zikiwa ngumu, zisizochanuka, zote hupenya fuvu la ndovu mpaka kwenye ubongo. Nusu ya pili iko Karamoja kwenyewe: nchi ya nyasi, ndovu ambao walikuwa bado hawajasumbuliwa sana na bunduki, na mtu aliyepasua fuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Rekodi yake ninaisoma kwa uchungu, kwa sababu ni rekodi ya mauaji ya kibiashara kwa ajili ya pembe. Hata hivyo haithibitishi kwamba bunduki ndogo inatosha popote. Risasi nyembamba ikiukosa ubongo kwa upana wa kiganja, ndovu huondoka na jeraha au humgeukia mpigaji. Nzito inaweza kumwangusha au kumpumbaza, na mwindaji akapata nafasi ya kupiga tena.

Pingamizi lililobaki dhidi ya hoja ya pori kwanza ni sheria. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, zimeweka inchi .375 kuwa kipimo cha chini cha upana wa risasi kwa wanyama hatari, na kwa kipimo hicho 9.3x62, ya milimita 9.3, inapungukiwa kidogo. Risasi hii ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ikawafaa walowezi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kuwa iliingia kwenye Mauser ya kawaida isiyo na bei ya London. Ninaiunga mkono sheria hiyo. Afisa wa wanyamapori anaweza kuukagua mtutu kambini, lakini hawezi kukagua kichaka ambacho mgeni ataingia kesho, na wageni wengi hawana jicho la Bell. Kasoro huja pale kanuni inapotaja upana na kuishia hapo, kwa sababu .375 iliyojazwa risasi laini ya kuchanuka, iliyokusudiwa swala, inaweza kusambaratika kwenye fuvu la ndovu kabla ya kufika kwenye ubongo, ilhali mwenye nayo hajavunja kanuni hiyo hata kidogo.