Nyota Zilizoiweka Tabora Kwenye Ramani

Tarehe 7 Novemba 1857, msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliingia Kazeh, nchini Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliwakaribisha na kuwapa habari za maziwa ya bara. Lakini Kazeh yenyewe iko wapi duniani? Hilo halikuwa na mwenyeji wa kulijibu. Ilibidi kungoja usiku.

Bara hakuna upeo wa bahari wa kupimia, kwa hiyo mpimaji alimimina zebaki katika chombo kipana, nyota ikaonekana humo kama kwenye kioo. Kwa sekstanti akapima pembe kati ya nyota ya juu na ile ya ndani ya zebaki. Nusu yake ndiyo kimo cha nyota, na kimo hicho ndicho kinachotoa latitudo. Nyota ya Kaskazini, tegemeo la mabaharia wa Ulaya, haionekani Tabora, kwani mji uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Zilitumika nyota nyingine.

Longitudo ndiyo iliyowatoa jasho. Inahitaji saa isiyodanganya: ikikosea dakika 1 tu, mji unahama karibu kilomita 28 kwenye ramani. Kronomita za Burton na Speke ziliharibika njiani. Wakafunga risasi kwenye uzi wa karibu mita 1, ikawa inabembea na kuhesabu sekunde, huku umbali kati ya mwezi na nyota ukipimwa ili kupata saa ya kweli.

Mvumbuzi David Livingstone alijifunza kazi hii kwa Thomas Maclear, mnajimu wa Rasi ya Tumaini Jema. Naye saa zilimponza. Mwaka 1867, kusini mwa Ziwa Tanganyika, mpagazi aliyebeba kronomita aliteleza akaanguka. Mwendo wa saa ukabadilika, na longitudo za baadaye zikapotoka. Hatua moja ya mpagazi ilitosha kusogeza nchi kwenye ramani, na bado ramani hizo zimebeba majina ya wazungu peke yao. Hiyo si haki. Sidi Mubarak Bombay, kwa mfano, kiongozi Mwafrika wa misafara, alisafiri na Burton, Speke, Henry Morton Stanley na Verney Lovett Cameron, na pamoja na Cameron akavuka bara hadi Atlantiki.

Oktoba 1873, watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walifika Unyanyembe na maiti yake. Walimkuta Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa. Cameron akachukua sehemu kubwa ya vifaa vya kupimia vya marehemu, akaendelea navyo magharibi. Wao wakaendelea na mwili hadi Bagamoyo.

Kazi ya kupima nchi iliendelea baadaye. Kati ya 1931 na 1933 mpimaji Martin Hotine alipima vilele vya magharibi mwa Tanganyika katika Tao la Meridiani ya 30, mnyororo wa vipimo unaofuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, mradi uliobuniwa na mnajimu David Gill. Kutokana na tao hilo ulizaliwa mfumo wa Arc 1960, msingi wa ramani za Tanzania, Kenya na Uganda.

Tembe la Livingstone huko Kwihara, karibu na Tabora, sasa ni makumbusho. Walimu wa jiografia wa Tabora, wapelekeni wanafunzi huko jioni moja ya Juni, wakati Msalaba wa Kusini uko juu. Wapime nyota, watafute latitudo, kisha walinganishe na ile ya kwenye simu. Na majina ya Bombay, Chuma na Susi yaandikwe ubaoni kwanza.