Utafiti wa Haki Jinai Uanzie kwa Mahabusu

Tume ya Rais ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai Tanzania, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Iliangalia Polisi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Magereza, TAKUKURU. Upana huo ulihitajika. Hata hivyo, mapendekezo mengi yasipopangwa kwa uzito wake, kila taasisi hushika lile linaloiletea bajeti: magari, majengo, mifumo ya kompyuta. Hoja yangu ni kwamba kipaumbele cha kwanza, kwa watafiti na kwa watunga sera, kiwe muda anaokaa rumande mtu ambaye hajahukumiwa.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Anayeshtakiwa kwa kosa lisilo na dhamana, liwe mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, analala gerezani akisubiri maneno yaleyale kila anapofikishwa mahakamani: upelelezi haujakamilika. Hakimu anayeambiwa hivyo mara nyingi hana mamlaka ya kusikiliza shauri lenyewe, anaahirisha tu. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walisota hivyo kwa miaka mpaka mashtaka yao yalipofutwa Juni 2021, bila mahakama kuwatia hatiani. Wapo wanaoliita jambo hilo bahati mbaya. Mimi naona ni zao la sheria iliyoruhusu hatua moja baada ya nyingine.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Dickson Paulo Sanga, ikatengua uamuzi huo. Mzigo umerudi Bungeni, na mbunge anayetaka kuubeba anahitaji ushahidi ambao wanataaluma hatujampa. Tumezoea kuchambua hukumu, ilhali maumivu makubwa hutangulia hukumu. Tulifuate jalada. Limekwama kwa mpelelezi, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, au mezani kwa wakili wa Serikali? Kwa siku ngapi? Mshtakiwa alikuwa na wakili? Rejesta za mahakama na magereza zinaweza kujibu mengi ya hayo. Majibu ndiyo yatakayotuonyesha kama tatizo linatibiwa na wakemia zaidi au na ukomo wa kisheria wa muda wa upelelezi.

Wapo wanaohofu kwamba kulegeza dhamana ni kuwarudisha wauaji mtaani. Hofu hiyo haifai kubezwa, hasa inapotoka kwa familia iliyofiwa. Lakini familia hiyo nayo inasubiri, huku mashahidi wakihama, wakisahau, wakifa. Kenya, kupitia Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, ilimpa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa pakiwa na sababu nzito, hata kwa shtaka la mauaji. Huko jaji humpima mtu na mazingira yake, jina la kosa pekee halitoshi kumfungia mlango. Kasoro zipo: kiwango cha dhamana bado huwabakiza maskini ndani. Ndiyo maana uzoefu huo uchunguzwe kwa makini kabla ya kuigwa.

Marekebisho ya mwaka 2022 yanataka upelelezi ukamilike kabla ya mashtaka kufunguliwa, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua njema, ingawa imewaacha nje walio katika hali mbaya zaidi. Tena inazua swali zito: je, kusubiri kumepungua, au kumehamia mahabusu za polisi, ambako hakimu hamwoni mtuhumiwa? Utafiti wa kwanza kugharimiwa uwe huo, na watafiti wapewe kibali cha kisheria cha kufungua vitabu vya mahabusu vya vituo vya polisi, wilaya kwa wilaya.