Mkono na Neno: Hisabati kwa Vitendo katika Shule za Kati za Nyanza ya Kusini

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika historia ya elimu ya Migori na Homa Bay, kaunti 2 ambazo zamani zilikuwa sehemu za wilaya ya Nyanza ya Kusini. Jambo lenyewe ni ufundishaji wa hisabati kwa vitendo kwa watoto walio kati ya elimu ya msingi na ya sekondari. Hoja yetu ni kwamba vifaa havikuwa haja kubwa. Lililosahauliwa kila mara ni lugha ya kuunganisha kitendo na hesabu.

Ripoti ya Beecher ya 1949 ilizipa shule za kati miaka 4, baina ya miaka 4 ya msingi na 4 ya sekondari. Baada ya uhuru ngazi hiyo iliondolewa. Wakati huohuo ilikuja hisabati ya kisasa. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vilivyotaka mwanafunzi agundue kanuni mwenyewe. Lakini vitabu hivyo vilikuwa vya Kiingereza, na miaka hiyohiyo Kiingereza kilikuwa kikienezwa kama lugha ya kufundishia tangu darasa la 1. Mtoto alikabiliwa na wageni wawili kwa pamoja: dhana na lugha.

Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe katika madarasa 3 ya mwanzo. Pendekezo hilo lilikuwa jema, ila lilikoma kabla ya kufika mahali hisabati inapoanza kuwa ngumu. Hisabati ya kisasa iliachwa mwaka 1981, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985. Mwaka 1998 mradi wa SMASSE, kwa msaada wa Japani, ulianza kuwafunza walimu wa sekondari katika wilaya 9, mojawapo ikiwa Gucha inayopakana na Migori. Ulisisitiza shughuli, majaribio na vifaa vya kujitengenezea. Mwaka 2023 Gredi ya 7 ilipoanza, ngazi ya kati ilirudi kwa jina jingine.

Ama kuhusu vifaa, nchi hii haikupungukiwa. Sokoni nafaka na omena hupimwa kwa gorogoro. Mkebe mmoja ukijazwa mahindi hufika kilo 2 hivi. Ukijazwa omena kavu, uzito hupungua sana. Hapa pana somo zima: ujazo ni uleule, uzito umebadilika, na uwiano wa viwili hivyo waweza kuhesabiwa. Mchezo wa ajua nao, kwa kugawa kete katika vishimo, humzoeza mtoto kugawanya na kutazama baki.

Hata lugha yenyewe ni kifaa. Katika Kijaluo, baada ya abich, yaani tano, huja auchiel na abiriyo. Ndani ya auchiel yasikika achiel, moja. Ndani ya abiriyo yasikika ariyo, mbili. Ni kana kwamba msemaji amekwisha kuhesabu mkono mzima, akaongeza vidole. Sita na saba za Kiswahili, zenye asili ya Kiarabu, hazifichui siri hiyo. Hata hivyo, katika mji kama Migori, ambamo Wajaluo, Wakuria, Wakisii na Waluhya huketi darasa moja, Kiswahili ndicho daraja, na maneno kama ujazo, uzito, uwiano na mzingo kimekwisha kuyapata.

Basi mtoto aliyepima gorogoro sawasawa kwa mkono wake aweza kuandikiwa kosa kwenye mtihani, si kwa kutojua hesabu, bali kwa kutolielewa swali. Hasara hiyo haiponywi kwa mikebe zaidi. Hapana budi kitendo kisemwe kwanza katika lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, ndipo kiandikwe kwa Kiingereza cha mtihani. Kazi ya kuandaa istilahi hizo, hatua kwa hatua, ni ya walimu wa hisabati. Lakini ni yetu pia, sisi wanafunzi wa lugha, na tumechelewa kuianza.