Siti binti Saad na Kesi Isiyofungwa

Huku kwetu Majengo, Sumbawanga, nikimwona mama amejitwika vyungu akielekea sokoni, humkumbuka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, mtoto wa watumwa, naye akitembeza vyungu mjini kwa miguu, akinadi kwa sauti ile iliyokuja kumwinua. Taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliileta kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri.

Chini ya Sultani na Mwingereza, mnyonge alikuwa na mahakama, ila haki ilimpita mbali. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni: mtuhumiwa alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Hakimu alifunga jalada. Siti akalifungua, kesi ikasikilizwa upya barazani na majumbani, na watu wasiojua kusoma.

Siti alifariki mwaka 1950. Jina la hakimu halimo midomoni mwa watu. La Kijiti lingali linaimbwa. Nadhani dhalimu hustahimili kuchukiwa kuliko kutajwa.